Chuma Kilichozikwa Kwenye Chumvi: Uhifadhi wa Mabaki ya Fort George, Katwe



Wengi mliofika hapa Karusandara mna hamu ya kujua lini jembe la wanaakiolojia litaingia ardhini Katwe. Mimi naomba lisubiri. Ngome ya Fort George isichimbwe kabla hatujawa na mahali pa kutunzia vitakavyotoka humo, na mtu anayejua kuvitunza.

Mwaka 1891, Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Kiingereza, IBEA, aliingia Katwe, akawatoa askari wa Omukama Kabarega wa Bunyoro, akajenga ngome hiyo ya Fort George. Chumvi ndiyo iliyomvuta, kwani aliyelishika ziwa la chumvi la Katwe alikuwa ameshika hazina ya nchi nzima. Kisha alipanda kaskazini pamoja na Kasagama, mwana wa mfalme wa Toro, kupitia tambarare hii iliyo kati ya Rwenzori na Ziwa George, akamweka kwenye kiti cha Toro. Baadaye akaenda Kavalli, karibu na Ziwa Albert, kuwachukua askari wa Kisudani waliobaki baada ya Emin Pasha, gavana wa Misri katika jimbo la Equatoria, kuondoka, pamoja na maelfu ya wake, watoto na watumishi wao, akawagawa katika ngome zake.

Habari za mikataba na mapigano Lugard aliziandika mwenyewe. Hao wengine hawakuandika: wapagazi Waswahili waliotoka pwani, wanawake wa Kisudani waliosaga nafaka, Wasongora na Wakonzo walioleta chakula kwa hiari au kwa kulazimishwa. Habari zao zimo katika majivu, mifupa ya ng'ombe na samaki, shanga na vigae vya vyungu. Hata ganda la risasi lina la kusema. Watu wa kampuni walibeba bunduki za Snider, na askari wa Emin walikuwa na Remington, kwa hiyo maganda yakichorwa kwenye ramani pale yalipolala, yanaweza kuonyesha nani alikaa upande gani wa boma. Na chini ya tabaka hilo jembamba la ukoloni tutarajie mabaki ya wachimba chumvi wa zamani zaidi. Mwanaakiolojia Graham Connah alipochimba Kibiro, kando ya Ziwa Albert, mwaka 1989 na 1990, alikuta lundo la karne nyingi za kazi ya chumvi.

Sasa nije kwenye kutu. Mabaki ya kile kiwanda cha chumvi cha Katwe mnayaona kila siku. Mabomba yake yaliliwa na maji ya ziwa, uzalishaji ukafa ungali mchanga. Kama chuma kipya cha kiwandani kilishindwa, msumari wa 1891 utakuwaje? Chuma kikilala katika udongo wenye chumvi kama wa Katwe, chumvi hupenya mpaka kwenye kiini chake. Kikiwa chini, hewa ni kidogo na kutu hutulia. Siku kinapofukuliwa, hewa na unyevu huiamsha. Baada ya wiki chache vitone vya kahawia hutokeza juu yake kama jasho, magamba yakabanduka, nyufa zikafuata. Mwisho unabaki unga ndani ya bahasha yenye namba.

Tiba ipo, ila ni ya subira. Chuma huwekwa kwanza ndani ya sanduku lisilopitisha hewa pamoja na chembe za silika, zile zinazokuja katika vifuko vidogo ndani ya masanduku ya viatu vipya. Kisha huloweshwa katika maji yenye soda kali kidogo, na maji hayo hupimwa na kubadilishwa hadi chumvi isionekane tena. Kipande kikubwa huchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Kigae huloweshwa kwenye maji safi tu, isipokuwa chenye ukoko wa chakula kwa ndani. Hicho kisioshwe kamwe, maana ukoko ule utatuambia walipika nini.

Mombasa walitutangulia. Meli ya Kireno Santo António de Tanna ilizama mbele ya ngome ya Fort Jesus mwaka 1697, na wapiga mbizi waliichunguza kuanzia 1977 hadi 1980. Vitu vilivyopandishwa vilitibiwa katika karakana ya uhifadhi ndani ya ngome ileile. Mbao za meli zilipimwa, zikachorwa, zikafunikwa tena kwa mchanga. Kuacha kitu chini ni uamuzi wa kitaalamu, na nauheshimu sana.

Naogopa pia vitu kwenda mbali. Mfupa wa Ishango, mfupa wa kale wenye mikato, uliopatikana mwaka 1950 upande wa Kongo wa Ziwa Edward, uko Brussels hadi leo. Jirani zetu wa ng'ambo wanaufahamu kwa picha.

Kwa hiyo kazi ianze bila jembe, kwa kutembea, kupima na kuchora ramani, kwa kibali cha Idara ya Makumbusho ya Kampala. Anayekuta kitu wakati wa kazi asikisugue wala kukihamisha. Akipige picha kwa simu pale kilipo, pamoja na vilivyo jirani yake, na kumwita ofisa wa wilaya anayehusika. Chumba cha kutunzia naomba kiwe Kasese mjini, mbali na upepo wa ziwa la chumvi, na watakaofundishwa kazi hiyo wawe kwanza vijana wa Katwe na wa hapa Karusandara.