Somo la Leo: Lupita Nyong'o, Mwigizaji Aliyerudi Darasani

Haya, mwenye ukurasa huu mkononi na asome polepole, akifuata mstari kwa kidole.

Leo tunasoma habari za kazi ya mwigizaji. Mwigizaji ni mtu anayejifanya mtu mwingine, ili watazamaji waone maisha na kuyafikiri. Akicheza jukwaani, mbele ya watu, huo ni mchezo wa kuigiza. Akicheza mbele ya kamera, hiyo ni sinema. Bibi Lupita Nyong'o wa Kenya amefanya kazi zote mbili.

Bibi Lupita alizaliwa mwaka 1983 katika mji wa Mexico, wazazi wake Wakenya wakiwa huko. Alikulia Nairobi. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alicheza jukwaani Nairobi na kikundi cha Phoenix Players. Alikuwa Juliet katika mchezo wa Shakespeare uitwao Romeo and Juliet.

Je, alipata sifa mara moja? La. Wazungu walipokuja Kenya kupiga sinema ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, Lupita alipata kazi humo. Lakini hakuwa mbele ya kamera. Alikuwa mmoja wa vijana wa kutumwa huku na huku. Baadaye alimaliza masomo ya chuo Marekani, akarudi Kenya, akaigiza katika mchezo wa televisheni uitwao Shuga.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 2009, akiwa na miaka 26, tayari ana cheti cha chuo na watu wanamjua, Lupita alirudi darasani. Aliingia shule ya maigizo ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Alisoma miaka 3. Huko mwanafunzi hujifunza kutumia pumzi, sauti na mwili. Hujifunza pia kusema kama watu wa nchi nyingine wanavyosema.

Mwaka ule wa kwanza, mchezo uitwao Eclipsed ulichezwa hapo Yale. Uliandikwa na Danai Gurira, mwanamke aliyelelewa Zimbabwe. Lupita alikuwa mwigizaji wa akiba. Maana yake, alijifunza maneno yote ya mwenziwe, ili mwenziwe akiugua yeye ashike nafasi. Ni kazi kubwa, nayo watazamaji hawaioni.

Alihitimu mwaka 2012. Mwaka 2013 ilitoka sinema ya 12 Years a Slave, naye akacheza humo mtumwa aitwaye Patsey. Mwezi Machi 2014 alipewa tuzo ya Oscar, tuzo kubwa ya sinema huko Marekani. Hakuna Mkenya aliyeipata kabla yake.

Baada ya tuzo ile, aliomba nini? Aliurudia mchezo ule wa Eclipsed! Aliucheza New York mwaka 2015, na mwaka 2016 katika jumba kubwa zaidi. Safari hii hakuwa wa akiba. Akateuliwa kuwania tuzo ya Tony, ambayo ni ya michezo ya jukwaani. Hakuipata, lakini kuteuliwa tu ni heshima.

Mchezo huo unatuhusu sisi, na nitawaeleza kwa nini. Ni habari za wanawake wa Liberia waliotekwa wakati wa vita na kufanywa wake wa kamanda. Lupita alicheza msichana mmoja kati yao. Msichana huyo anajua kusoma. Wanawake wale wana kitabu kimoja, cha maisha ya rais wa Marekani, naye huwasomea wenzake. Wanacheka, wanabishana, na kwa muda kidogo wanasahau kifungo. Baadaye msichana anavutwa ashike bunduki. Basi yuko katikati, kati ya kitabu na bunduki. Mtazamaji anaketi kwa wasiwasi, akiuliza atachagua nini.

Mwaka huo huo wa 2016 ilitoka sinema ya Queen of Katwe. Humo Lupita ni mama mjane wa Kampala, anayetafuta riziki kwa kuuza mahindi na kuhangaikia watoto wake. Akina mama wengi wa Katesh na Dongobesh watamtambua mara moja.

Wako jirani zetu wasiokuja darasani. Husema, "Mimi nina wajukuu, nitakaaje kwenye dawati?" Msigombane nao. Wasomeeni ukurasa huu jioni, kama msichana yule alivyowasomea wenzake. Kisha waulizeni kama wangependa kujisomea wenyewe.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Mwigizaji wa akiba hufanya kazi gani?
2. Kwa nini Lupita alirudi shule wakati alikuwa na cheti tayari?
3. Je, ungemruhusu binti yako kuwa mwigizaji? Toa sababu.

Andikeni majibu kwa sentensi fupi. Kwaherini.