Gari la Kifahari kutoka Japani na Akiba ya Kina Mama
(Mazungumzo ya Kamati ya Mikopo mbele ya wanachama na wageni, siku ya maadhimisho ya miaka kumi)



Wenzetu wamekwisha kusimama hapa wakaeleza hisa zilivyokua, na vyerehani, na mradi wa kuku. Sisi wa Kamati ya Mikopo tumepewa dakika chache tuzungumze jambo ambalo limekuwa likiletwa mezani kwetu mara kwa mara, tena zaidi baada ya mikopo kuongezeka: gari. Na si gari la kubebea mzigo wala la biashara. Tunazungumzia yale magari ya chini chini, yenye silinda sita, rimu za spoti na vioo vyeusi, ambayo likipita mtaani watoto wote wanageuka. Mark II, Chaser, Cresta, Altezza, Verossa, Brevis, Crown Athlete, na sasa Mark X.

Tuseme wazi kwamba hatukuja kumcheka mtu anayelitaka gari hilo. Mama aliyepanda daladala miaka 20 akiwa na ndoo ya samaki magotini ana haki ya kukaa kwenye kiti cha ngozi. Gari limetengenezwa vizuri, linatulia barabarani, na kwa kuwa Wajapani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko pale pale tunapoutaka. Tena wenzetu wale wana utaratibu wa kukagua gari ambao ni ghali: gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili. Kwa hiyo wengi wao wanaona heri waliuze kuliko kulipia ukaguzi mwingine. Ndiyo maana gari lililo zima kabisa linafika Dar es Salaam kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuiota. Wazee waliopo hapa wanakumbuka kabla ya mwaka 1984, kabla serikali haijaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, gari dogo lilikuwa la mkubwa wa shirika la umma au mtu mwenye ndugu Ulaya.

Sasa basi, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba bei unayotajiwa na dalali si bei ya gari. Na anayekuja kuijua bei yenyewe, mara nyingi, ni mwanamke, kwa sababu fedha ya kulimalizia ilitoka kwenye sanduku letu lenye kufuli tatu.

Tuanze na umri. Toyota walitengeneza Mark II tangu mwaka 1968, na saluni yake ya mwisho ilikoma mwaka 2004, ndipo Mark X ikachukua nafasi mpaka mwaka 2019 nayo ikasimamishwa. Altezza ilitoka mwaka 1998 ikaisha 2005. Kwa hiyo saluni yoyote ya Mark II utakayooneshwa leo, hata ing'ae namna gani, imepita miaka 20. Hiyo ni umri wa kijana wa kuoa.

Umri huo una kodi yake. Kenya wao wameweka ukomo, gari lililopita miaka minane haliingii. Sisi hatukukataza, ila tunalipishwa. Tulikaa na wakala wa forodha mmoja akatupigia hesabu, nasi tunaiweka hapa kama alivyoifanya ili kila mtu airudie nyumbani. Chukua Mark X ya mwaka 2012, na tuseme thamani yake pamoja na nauli ya meli na bima mpaka bandarini ni shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 2,500,000. Jumla 12,500,000. Juu ya hiyo kuna ushuru wa bidhaa kwa injini iliyozidi cc 2000, asilimia 10, ambayo ni 1,250,000. Kisha ushuru wa uchakavu kwa gari lililopita miaka kumi, asilimia 30, nayo ni 3,750,000. Tumefika 17,500,000. Hapo ndipo inapokuja VAT ya asilimia 18, shilingi 3,150,000. Kodi peke yake imekuwa 10,650,000, imeipita bei ya gari lenyewe, na hatujagusa tozo ndogo ndogo, gharama za bandari wala malipo ya wakala.

Uchakavu ndio unaoumiza. Gari lile lile lingekuwa na umri chini ya miaka minane, ile 3,750,000 isingekuwepo, wala VAT yake, na ungeokoa 4,425,000. Injini ya cc 2000 inalipa asilimia 5 badala ya 10, lakini Mark X ya cc 2000 haipo, zinaanzia 2500. Na usije ukadhani utaandikiwa risiti ya bei ndogo huko Japani ukapona. TRA wana orodha yao ya thamani za magari yaliyotumika, wanakadiria kwa hiyo. Viwango vyenyewe vinaweza kubadilika kila bajeti ya mwezi Juni, kwa hiyo hesabu ipigwe upya kabla ya kutuma fedha, sio baada.

Kwa sababu ya kodi hiyo wengi wanaona bora kununua mkononi, gari la namba C au namba D ambalo limekwisha lipiwa. Si vibaya. Lakini hapa tunaomba mtusikilize vizuri, maana ndipo kwenye mashimo.

Anayeagiza Japani ana karatasi ya mnada. Inaandikwa daraja la gari kwa namba, kama 4 au 3.5, na pale palipoandikwa herufi R ujue gari limewahi kugongwa sehemu ya mwili wake mkubwa likatengenezwa. Ana pia cheti cha kufutwa usajili, chenye namba ya chasisi, ulinganishe na ile iliyogongwa kwenye bati la gari. Namba ya Mark X huanza na herufi GRX na saluni ya mwisho ya Mark II huanza na GX au JZX. Anayenunua mkononi hana karatasi ya mnada. Ana maneno ya dalali. Mita inaweza kuwa imerudishwa nyuma, kazi ya dakika chache kwa fundi wa umeme. Kwa hiyo usitazame mita, tazama vitu ambavyo haviwezi kudanganya: pedali ya breki ilivyolika, kiti cha dereva kilivyopasuka pembeni, usukani ulivyong'aa. Gari la kilomita 60,000 haliwi na pedali iliyobaki chuma.

Kamati iliwahi kumsindikiza mwanachama mmoja kwenda kuona Mark X huko upande wa Tegeta. Tulikwenda watatu na fundi wetu. Gari lilikuwa zuri, muuzaji mcheshi, akatununulia na soda. Fundi akaomba liwashwe asubuhi likiwa baridi, muuzaji akasema tayari ameliwasha tangu saa kumi na mbili, "nimelipasha moto kwa ajili yenu mama zangu." Fundi akanyamaza, akaomba kadi. Ikaletwa kadi, lakini ilikuwa ni ile iliyotolewa mara ya pili baada ya ya kwanza kuripotiwa kupotea. Tukauliza ilipoteaje. Majibu yakawa matatu kwa watu watatu. Tukasema sisi fedha hatutoi mpaka tuhakikishe. Baada ya siku nne ikajulikana kadi ya kwanza imelala kwa mkopeshaji mmoja wa fedha za haraka, anadai. Mwanachama wetu alituchukia kama wiki mbili, kwa sababu lile gari lilinunuliwa na mtu mwingine. Tulivyosikia, yule mnunuzi alinyang'anywa gari kabla ya Idi.

Ndiyo maana tunasema kadi itazamwe kabla ya injini. Muuzaji na jina lililo kwenye kadi wawe mtu mmoja, na kama sivyo, mwenye jina aje mwenyewe na kitambulisho chake. Ulizeni faini za trafiki zinazodaiwa kwa namba ya gari na deni la maegesho la TARURA, maana deni linalifuata gari. Na malipo yapite benki, msibebe mabunda kwenye kanga.

Injini tutaipita haraka kwa sababu fundi ataeleza Jumamosi ijayo. Itoshe kusema kwamba Mark II zenye injini ya 1G au 1JZ zinatumia mkanda wa taimingi, unaobadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na kama muuzaji hana habari yake, weka gharama hiyo kichwani. Mark X inatumia mnyororo. Zote ziko chini, na barabara zetu za ndani za Chamazi na Mabwepande wakati wa masika mnazijua, kwa hiyo bushi na shokapu mtakuwa mnanunua kama vitunguu. Kuna wanaotaka yale ya milango miwili. Mama mkwe akija kutoka Tanga utamwingizaje kiti cha nyuma?

Mafuta, jamani. Mwenye kwenda na kurudi kilomita 40 kwa siku, siku 25, anakwenda kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari la silinda sita kwenye foleni ya Mbagala likikupa kilomita 8 kwa lita, shukuru. Hizo ni lita 125. Gari dogo la cc 1300 linalokwenda kilomita 14 kwa lita linakunywa kama lita 71. Tofauti ni lita 54 kila mwezi. Zidisha kwa bei ya EWURA ya mwezi huo, kisha tazama marejesho yako ya kikundi ni kiasi gani. Wako wanaoweza. Ila tunaomba hesabu hiyo iandikwe kwenye fomu, tuione.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililotusimamisha hapa. Waume zetu tunaomba msinune.

Mwanachama wetu mmoja alichukua mkopo wa mara tatu ya hisa zake, mume naye akaongeza yake, wakanunua Crown. Kadi ikaandikwa jina la mume. Hakukuwa na ugomvi wowote, waliishi kwa mapenzi na kila Ijumaa tulikuwa tunapewa lifti. Mume akafariki ghafla. Kabla arobaini haijaisha, mashemeji wakaja kuchukua ufunguo wakisema gari ni la marehemu kaka yao. Mjane alikuwa na marejesho ya miezi minane mbele yake. Kesi ya mirathi ilikwenda miezi 14 katika Mahakama ya Mwanzo, na kilichomsaidia ni daftari letu la mikopo lenye sahihi yake na tarehe, na karatasi ya benki. Alipata haki yake. Lakini gari lilikuwa limekaa chini ya mwembe muda wote huo, betri imekufa, matairi yamepasuka, panya wamekula nyaya. Liliuzwa kwa bei ya spea.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyopatikana kwa jina la mmoja wa wanandoa huchukuliwa kuwa ni yake peke yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hilo neno "ithibitishwe" ndilo zigo la mwanamke. Ni kweli kifungu cha 114 kinaitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja pale ndoa inapovunjika, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuambulia fungu. Tunamshukuru mama yule. Lakini kadi ya gari ni karatasi moja, na kuandika jina lako siku ya kununua hakuhitaji wakili.

Kwa hiyo Kamati imependekeza, na mkutano mkuu wa mwezi uliopita umepitisha, kwamba mkopo wowote wa gari utatolewa kwa masharti haya: kadi iwe na jina la mwanachama aliyekopa, au kama wanandoa wameafikiana vinginevyo, kuwe na mkataba wa maandishi unaotaja nani ametoa kiasi gani, umesainiwa na wote wawili na kushuhudiwa, na nakala ikae kwenye sanduku. Fundi wa kikundi alione gari likiwa baridi. Fedha iende kwa muuzaji moja kwa moja, isipitie kwa dalali. Baadhi ya waume waliposikia walisema tunawafundisha wake zao kiburi. Mmoja wao, ambaye yuko hapa leo na hatutamtaja, alirudi baada ya wiki akaomba nakala ya mkataba ule, kwa kuwa dada yake wa Yombo naye ananunua gari na shemeji yake.

Fomu mpya ziko kwa Mama Mweka Hazina, pale mezani karibu na keki. Fundi atakuwepo ofisini Jumamosi ijayo kuanzia saa tatu asubuhi, na mwenye gari analotaka kulinunua aje nalo, pamoja na muuzaji, na kadi yenyewe si fotokopi.