Vilabu vya Huduma na Wajibu wa Mwenyeji

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimeagizwa na Halmashauri niseme machache juu ya vile viitwavyo vilabu vya huduma, kazi zake, na jinsi itupasavyo sisi watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe kushirikiana navyo. Wanachama wengi wameuliza: Watu hawa ni nani? Wataka nini kwetu? Nasi tukiupokea mkono wao, tutakuwa tumejitia katika deni gani? Maswali haya ni ya haki, nami nitajaribu kuyajibu kwa utaratibu.

Kwanza, neno lenyewe lisiwatishe wazee. Kilabu hiki si mahali pa kunywea tembo. Ni chama cha watu wenye kazi zao, ambao hukutana kwa siku maalumu, hutoa ada, na kushauriana ni jambo gani la manufaa walifanye kwa ajili ya watu wengine. Rotary, kilicho kikongwe katika vyama hivi viwili nitakavyovitaja, kilianza mjini Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905. Wakili mmoja, Paul Harris, alikutana na rafiki zake watatu: mfanya biashara ya makaa, mhandisi wa migodi, na mshona nguo. Walikuwa wakikutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu na kesho ya yule, na katika zamu hiyo ndipo lilipotoka jina la Rotary. Mwaka 1930 kilabu cha Rotary kilifunguliwa Nairobi, na baadaye Mombasa nayo ikapata chake.

Lions nacho kilizaliwa katika mji huo huo wa Chicago mwaka 1917. Mwaka 1925 Bibi Helen Keller, ambaye hakuona wala hakusikia tangu utoto wake, alisimama mbele ya mkutano wao mkuu akawasihi wawe watetezi wa vipofu. Ombi lile halikuanguka chini. Hata leo kazi ya macho ndiyo inayowatambulisha Lions kila nchi, na hapa Kenya wanayo hospitali ya macho huko Loresho, Nairobi.

Yako mambo matatu ya kufahamu juu ya mwendo wa vyama hivi. La kwanza, si vyama vya dini wala vya siasa. Mwislamu, Mkristo na Mhindu huketi meza moja. La pili, Rotary kwa miaka mingi kilikuwa cha wanaume tu, lakini mwaka 1989 mlango ulifunguliwa kwa wanawake, na mwaka 2022 mwanamke, Jennifer Jones wa Kanada, alikalia kiti cha urais wa dunia nzima. Waafrika pia wamefika huko: Jonathan Majiyagbe wa Nigeria alikuwa rais mwaka 2003, na Sam Owori wa Uganda alikwisha kuchaguliwa, ila mauti yalimfika mwaka 2017 kabla ya kushika kazi. La tatu, nalo naomba mlishike sana, mwenyekiti wa kilabu cha Rotary hukaa mwaka mmoja tu, na mwaka wao huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo bwana aliyetuahidi jambo mwezi wa Mei huenda asiwe na mamlaka mwezi wa Agosti. Ahadi ya mdomo haitoshi. Yapasa iandikwe.

Bwana Mwenyekiti, iko kazi moja inayoonyesha vizuri ushirikiano huu unavyoweza kuzaa. Mwaka 1988, ugonjwa wa polio ulikuwa ukipooza watoto wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Rotary kilikuwa kimekwisha kuanza kampeni ya kukusanya fedha za chanjo tangu mwaka 1985, kikaungana na Shirika la Afya Duniani na serikali za nchi nyingi. Tarehe 25 Agosti 2020, Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi vya asili vya polio. Ni kweli kwamba virusi vya namna nyingine bado huzuka hapa na pale, na kwa sababu hiyo hatuna ruhusa ya kulegea katika chanjo. Lakini tazameni ushindi ule ulipatikanaje. Fedha zilitoka mbali. Tone la dawa liliingia kinywani mwa mtoto kwa sababu mama alifungua mlango, mzee wa mtaa aliandamana na muuguzi, imamu alitangaza msikitini na mchungaji kanisani. Bila ya hao, dawa ingaliharibika katika sanduku lake la barafu.

Wala tusidhani kwamba huduma ni jambo geni lililotujia kwa meli. Pwani yetu ina visima vya wakfu vilivyochimbwa na watu waliotaka sadaka yao iendelee baada ya kufa kwao. Ndugu zetu Wamijikenda wana desturi ya kulimiana mashamba kwa zamu. Huko Kisauni, kengele ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa mwaka 1875, iliwekwa ili ilie hatari inapokaribia, na kila aisikiaye ajue ya kuwa shida ya mmoja ni shida ya wote. Na ni nani kati yetu asiye katika chama cha kuzikana? Basi tunapokutana na vilabu hivi, tusiende kama maskini aendaye kuomba. Twende kama watu wenye desturi ya huduma wanaokutana na wenye desturi kama hiyo.

Sasa nije kwenye jambo linalotuuma, nalo ni maji. Bomba la Mzima lilimalizika mwaka 1957, na mji umekua mara nyingi tangu siku ile. Maji ya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi yote kwa pamoja hayatoshi, na mitaa mingi ya kwetu hununua maji kwa mtungi kutoka kwa wenye mikokoteni. Ndiyo sababu tangi na kisima ni zawadi zinazopendwa sana na vilabu vya huduma.

Lakini mimi nimeona kwa macho yangu, katika shule moja ya upande wetu, tangi kubwa lililopakwa rangi nzuri na kuandikwa jina la waliolitoa, nalo ni kavu. Koki ilivunjika. Hakuna aliyekuwa na dhamana ya kuitengeneza, wala sanduku la kutolea fedha ya koki mpya. Kila mtu alingoja waliolitoa warudi. Watoto walirudia kubeba maji kutoka nyumbani, na tangi likawa kivuli cha kuchezea. Waliotoa hawakukosea kutoa; sisi ndio tuliopokea kama wageni katika nyumba yetu wenyewe.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji alale. Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele yenu mambo manne ya kutimizwa kabla ya kupokea msaada wowote wa kujengewa.

Kwanza ni ardhi. Wote twajua habari ya nyumba bila shamba: mtu ana nyumba, na kiwanja ni cha mwingine. Kisima kikichimbwa katika kiwanja cha namna hiyo, mwenye shamba aweza kukifunga siku apendayo. Ruhusa yake ipatikane kwa maandishi, mbele ya mashahidi, kabla ya jembe la kwanza.

Pili ni elimu ya wazee. Mchanga na mawe ya matumbawe ya upande wetu hupitisha uchafu upesi, na choo cha shimo kilicho karibu na kisima huyaharibu maji. Visima vingine huingia chumvi. Wazee wajua ni kisima gani hubadilika ladha wakati wa kaskazi. Mhandisi atapima, naye hana budi kupima. Lakini aanze kwa kuuliza.

Tatu ni kitabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mradi uwe na daftari lake, mweka hazina wake, na mchango mdogo wa kila mwezi wa matengenezo, usomwe hadharani.

Nne ni ufunguo. Majina ya watu watatu yaandikwe, mmoja wao awe mama, maana akina mama ndio wachotao maji na ndio wa kwanza kujua yakikatika.

Rotary chenyewe kinataka hayo. Kwa misaada yake mikubwa hudai mahitaji ya wenyeji yachunguzwe kwanza, na ionyeshwe kazi itadumu vipi fedha zikiisha. Tena tangu mwaka 1986, wakati wa Rais Caparas wa Ufilipino, kuna mpango wa vikundi viitwavyo Rotary Community Corps, ambavyo wanachama wake ni wenyeji wasio wa Rotary. Kilabu hudhamini, wenyeji huchagua kazi na kuiendesha. Njia hii yatufaa, kwa kuwa wengi wetu hatuna nafasi wala uwezo wa kutoa ada za kilabu chenyewe.

Naomba basi Mkutano huu ukubali mambo haya manne, na uichague leo kamati ya watu watano itakayoandika mahitaji ya kila mtaa, ili mkono wa huduma utakaponyoshwa kwetu utukute tumekwisha kuandika tutakalo na tutakalotoa sisi wenyewe.