Bunduki Kutumwa kwa Fundi: Mambo Ambayo Familia Zenye Jamaa Marekani Zinafaa Kujua

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha uhamasisho kuhusu usalama na masuala ya Wakenya wanaoishi ughaibuni.

 

Familia nyingi za kaunti hii zina mtoto, ndugu au shemeji Marekani. Kuna aliye Texas akiendesha lori, kuna aliye Minnesota akiuguza wagonjwa, na kuna aliye chuoni akisoma kwa viza ya mwanafunzi. Huko waliko, bunduki huuzwa dukani mchana kweupe. Jirani anaweza kuwa na ya kuwindia paa na nyingine ya kulenga shabaha. Akitaka ibadilishwe mtutu, itengenezewe kitako kinachomtosha begani, au kifyatulio kilegezwe kidogo, huitia kwenye sanduku na kuituma kwa fundi aliye jimbo jingine. Baada ya wiki kadhaa, sanduku hurudi mlangoni pake.

Habari kama hii ikisimuliwa kwa simu husikika nyepesi, kama kupeleka cherehani kwa fundi. Sivyo ilivyo. Kuna sheria nyuma ya kila hatua, na asiyeijua anaweza kujikuta gerezani au kwenye ndege ya kurudishwa nyumbani. Wazazi nao wakiomba watumiwe "kitu kidogo tu" cha bunduki bila kujua uzito wa ombi hilo, wanaweza kumtia mtoto wao taabuni. Ndiyo sababu ya mazungumzo ya leo.

Sheria ilikotoka

Zamani Marekani, mtu aliweza kuagiza bunduki kwa posta kama anavyoagiza viatu. Machi 1963, Lee Harvey Oswald aliagiza bunduki kutoka duka la Klein's mjini Chicago kwa kutumia jina la uongo, A. Hidell. Ilimgharimu dola 19.95 pamoja na darubini yake, na dola 1.50 za kuisafirisha. Ililetwa hadi sanduku la posta mjini Dallas, na hakuna aliyemtazama usoni. Tarehe 22 Novemba mwaka huo huo, Rais John F. Kennedy aliuawa kwa bunduki hiyo.

Mjadala ulichukua miaka mitano. Mwaka 1968 Martin Luther King aliuawa mwezi wa Aprili, na Robert Kennedy mwezi wa Juni. Oktoba mwaka huo, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Kudhibiti Silaha. Tangu hapo, raia wa kawaida haruhusiwi kumtumia bunduki raia mwenzake aliye jimbo jingine. Ikivuka mpaka wa jimbo, lazima ipitie kwa mtu mwenye leseni ya serikali ya kitaifa.

Lakini sheria hiyo hiyo iliacha mlango mmoja wazi. Mwenye bunduki halali anaweza kuituma kwa mwenye leseni katika jimbo lolote ili irekebishwe au iboreshwe, na fundi huyo anaweza kumrudishia mwenyewe moja kwa moja.

Hatua zenyewe

Kwanza, fundi lazima awe na leseni. Sheria ya Marekani humhesabu fundi wa bunduki kuwa mfanyabiashara wa silaha, hata kama hauzi hata moja. Mteja makini huomba nakala ya leseni ya fundi kabla ya kutuma chochote.

Pili, njia ya kutuma. Sheria ya 1927 iliwakataza raia kutuma bastola kwa posta. Bunduki ndefu, za kuwindia, zinaruhusiwa kupitia posta zikiwa tupu na zimefungwa vizuri. Risasi hazipokelewi na posta kabisa. Kampuni binafsi kama UPS na FedEx zina masharti yao makali zaidi, na siku hizi hupokea silaha kutoka kwa wenye leseni tu. Kwa hiyo wengi huenda kwenye duka la silaha lililo karibu nao, wakalipa ada, na duka likawatumia.

Tatu, daftari. Fundi akipokea bunduki ya kulala kwake, huandika aina yake, nambari yake ya usajili, jina na anwani ya mwenyewe, na tarehe. Ikiondoka, huandika tena. Wakaguzi wa serikali wakifika, kila bunduki iliyo kwenye daftari lazima iwe dukani au iwe imeandikwa ilikokwenda.

Nne, kurudi. Bunduki ikirudi kwa yule yule aliyeituma, hakuna ukaguzi mpya wa rekodi za polisi unaohitajika. Lakini mwenyewe akisema, "Mpelekee binamu yangu aliye Ohio," mambo hubadilika. Hapo umiliki unahama, na lazima binamu aipokee kupitia kwa mwenye leseni, ajaze fomu na kukaguliwa. Sheria hutaka bunduki irudi ilikotoka.

Tano, kazi yenyewe ina mipaka. Fundi hawezi kufanya lolote analoombwa. Tangu 1934, bunduki ya kawaida yenye mtutu chini ya inchi 16, au ya marisau yenye mtutu chini ya inchi 18, huhitaji usajili maalum. Kuigeuza bunduki ya raia ifyatue mfululizo kama ya vita kumepigwa marufuku tangu 1986. Kufuta nambari ya usajili ni kosa la jinai. Majimbo nayo huongeza yao: California na New York, kwa mfano, huweka kikomo cha magazini ya risasi 10. Kilicho halali kwa mtumaji kinaweza kuwa haramu kwa mpokeaji.

Nani haruhusiwi

Hapa ndipo familia zinapaswa kusikiliza kwa makini. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ile inayoitwa grini kadi, anaweza kumiliki bunduki Marekani kama raia. Lakini aliye nchini kwa viza ya muda, akiwemo mwanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, ingawa kuna misamaha michache kama ya mwenye leseni halali ya uwindaji. Asiye na karatasi haruhusiwi. Aliyewahi kupatikana na hatia ya kosa kubwa la jinai haruhusiwi. Na tangu 1996, aliyepatikana na hatia ya kumpiga mke, mume au mzazi mwenziwe haruhusiwi, hata kama kosa lilihesabiwa kuwa dogo.

Makatazo haya hayasimami kwa sababu bunduki iko kwa fundi. Mtu akihukumiwa wakati bunduki yake ingali karakana, fundi akijua hilo hawezi kumrudishia.

Adhabu ya kumiliki bunduki ukiwa umekatazwa inaweza kufika kifungo cha miaka 15. Kwa mgeni kuna pigo la pili: sheria ya uhamiaji huruhusu kumfukuza nchini mtu aliyepatikana na hatia ya kosa la silaha, hata kama ana kadi ya ukaazi wa kudumu. Fikirieni kijana ambaye familia iliuza shamba ili aende kusoma. Rafiki anamwomba amsaidie kupeleka bastola kwa fundi kwa gari. Kwa mwendo wa saa mbili amepoteza masomo, na nyumbani shamba halirudi.

Pipa la kutuma nyumbani

Jamaa wengi hutuma nguo, viatu na vyombo kwa pipa au kontena. Wakati mwingine ombi hutoka huku: "Mwanangu, huko vitu ni rahisi, niwekee mtutu au magazini ndani ya nguo."

Ombi hilo lisitoke kinywani mwa mzazi yeyote. Kutoa bunduki Marekani kwenda nchi nyingine huhitaji kibali, na vipuri vyake vikuu, mtutu ukiwemo, vimo ndani ya udhibiti huo. Kuingiza silaha Kenya nako huhitaji kibali cha Kenya. Vibali hivyo viwili hutafutwa kabla ya mzigo kufungwa. Kificho kikipatikana bandarini, jina lililo kwenye pipa ndilo linaloulizwa kwanza, na mara nyingi ni jina la mama.

Hapa nyumbani

Kuna watakaouliza: basi mwenye leseni wa hapa Kenya anaweza kufanya vile vile, atume bastola Nairobi kwa parseli ya matatu au basi?

Jibu ni kwamba asithubutu. Mlango ule wa Marekani uko katika sheria ya Marekani. Hapa, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, husema hakuna mtu kumiliki au kuwa na silaha au risasi bila cheti, na cheti ni cha mtu mwenyewe. Si cha kondakta, si cha bodaboda, wala si cha mpwa anayeelekea jijini. Kumpa mtu asiye na cheti bunduki abebe ni kumweka hatarini yeye na wewe.

Sheria hiyo pia humhesabu anayerekebisha silaha kama biashara kuwa mfanyabiashara wa silaha, anayepaswa kusajiliwa. Fundi wa vyuma wa sokoni, hata awe hodari kiasi gani, si mahali pa kupeleka bunduki. Mwenye cheti aende mwenyewe kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa, akiwa na cheti ambacho hakijaisha muda, bunduki ikiwa tupu, na aondoke na stakabadhi yenye nambari ya bunduki. Kabla ya kubadilisha mtutu au sehemu nyingine kuu, aiulize Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Mwishoni mwa 2018 serikali iliagiza wamiliki wote wa silaha wapigwe msasa na kusajiliwa upya. Bunduki isiyolingana na maelezo yaliyo kwenye rejista humletea mwenyewe maswali mazito.

Tofauti kati ya nchi hizi mbili ina mizizi yake. Kule, kazi nyingi ya mafundi hutoka kwa wawindaji na walenga shabaha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Na kwa sababu ya silaha haramu zinazovuka mipaka, Kenya na majirani zake walitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, wakakubaliana kuweka alama na kumbukumbu za kila silaha ili ijulikane imetoka wapi na iko kwa nani.

La kufanya

Ikumbukwe kwamba usalama na leseni za silaha ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kaunti hutoa habari tu, haitoi vibali. Mwenye swali kuhusu silaha aende kituo cha polisi au aulize Bodi. Aliye na jamaa Marekani amwambie mambo manne: ajue viza yake inaruhusu nini kabla ya kugusa bunduki, asibebe wala kutuma bunduki ya mtu mwingine, asitie kipuri chochote cha bunduki kwenye mzigo wa nyumbani, na akiwa na shaka, amwone wakili wa uhamiaji kabla, si baada.

Na aliye na silaha nyumbani bila cheti, au aliyeachiwa na marehemu mume au baba, asingoje msako. Aende kwa chifu au OCS, aeleze kwanza kabla ya kuibeba barabarani, na afuate maelekezo atakayopewa juu ya kuisalimisha. Mjane aliyerithi bunduki ya mumewe hakurithi cheti chake.