Nani Amemfunza, na Nani Anamsimamia?

Mazungumzo na wazazi, walimu na viongozi wa jumuiya, Kashozi



Mara nyingi tunapokutana hapa tunazungumzia haki ya ardhi, haki ya mjane, haki ya mfungwa. Leo twamzungumzia mtu ambaye aghalabu hawezi kujisemea: mtoto mwenye usonji.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, nayo hujitokeza tangu utotoni. Yupo mtoto asiyesema kabisa, na yupo asemaye sana lakini hajui namna ya kuongea na wenzake. Si laana, si uchawi, wala si matokeo ya malezi mabaya. Hakuna dawa iuondoayo. Yapo, hata hivyo, mafunzo ya subira yanayomwezesha mtoto kueleza haja yake, kula na kuvaa mwenyewe, na kucheza na wenziwe. Mafunzo hayo hutolewa na binadamu, na hapo ndipo suala la haki linapoanza.

Mwenye kutoa huduma hii ana nguvu kubwa juu ya mtoto. Hufanya kazi naye kwa miezi mingi, pengine mlango ukiwa umefungwa. Mtoto akipigwa au akifungwa kamba, hawezi kurudi nyumbani na kusimulia. Mzazi naye yumo katika uchungu. Yu tayari kuuza kahawa yake kwa butura, ingali mtini, ili amlipe yeyote aahidiye uponyaji. Palipo na uchungu, fedha na ukimya, mdanganyifu hakosi nafasi.

Tusidhani haya yako mbali. Mwaka 2019 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti kwamba ng'ambo ya mpaka wetu, nchini Uganda, watu walikuwa wakinyweshwa kemikali ya kupaushia nguo kwa jina la dawa ya miujiza, nayo ikisambazwa kwa mikono ya viongozi wa dini. Mwaka huohuo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba kinywaji hicho, kinachotangazwa pia kuwa tiba ya usonji, ni hatari kwa maisha. Basi sisi tulio viongozi tujihadhari: jina zuri la jumuiya lisiwe ngazi ya mtu tusiyemjua.

Wala cheti peke yake si kinga. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha makala iliyohusisha chanjo ya surua na usonji. Wazazi wengi wakaogopa chanjo. Mwaka 2010 jarida lililoichapisha liliifuta, na baraza la madaktari la nchi hiyo likaliondoa jina lake katika daftari. Alikuwa msomi, aliyewalinda watu hatimaye ni msimamizi mwenye mamlaka ya kumwajibisha msomi.

Kwa upande wa pili, si lazima kila msaidizi awe amehitimu chuo kikuu. Huko Marekani msaidizi wa mafunzo ya tabia huanza kwa mafunzo ya saa 40 tu; lakini hupimwa, na kila mwezi angalau asilimia 5 ya saa zake za kazi hupitia chini ya macho ya msimamizi. Shirika la Afya Duniani nalo limeandaa mafunzo kwa ajili ya wazazi, yanayoweza kuendeshwa na watu wasio mabingwa, mradi wawe na wataalamu wa kuwasimamia. Hili ni tumaini kwa vijiji vyetu. Mafunzo mafupi yenye usimamizi hufaa. Mafunzo mafupi bila usimamizi ni kumfanyia mtoto majaribio.

Je, hapa kwetu tutamtambuaje mtu wa kuaminika? Jina la "mtaalamu wa usonji" peke yake halitoshi. Lazima liegemee taaluma inayojulikana. Walimu wa elimu maalumu hufunzwa katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Wataalamu wa tiba kwa vitendo hufunzwa KCMC, Moshi. Chini ya sheria ya mwaka 2017, madaktari na wataalamu wa afya shirikishi huandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Waganga wa tiba asili nao wana sheria ya mwaka 2002 na baraza lao. Ni kweli, Arusha na Moshi ziko upande wa pili wa nchi, na mtaalamu hapatikani kila kata. Uchache huo watupa sababu ya kuidai serikali huduma; hautupi ruhusa ya kumpokea yeyote.

Kwa hiyo, kabla ya kumkabidhi mtu mtoto, mzazi na aulize maswali manne:

1. Umefunzwa wapi, kwa muda gani, na namba yako ya usajili ni ipi?
2. Nani anakusimamia, na mara ngapi huja kuiona kazi yako?
3. Je, naweza kuketi nikiangalia unapomfundisha mwanangu?
4. Ukikosea, niende kwa nani?

Mtu mwaminifu hachukizwi na maswali haya. Akiahidi kuponya kabisa, akikataa kuonwa, akitaka fedha zote mbele, mzazi aondoke na mtoto wake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mateso na adhabu za kikatili kwa mtoto yeyote. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda utu wao na haki yao ya afya na elimu. Palipo na mashaka, tumwendee afisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto la polisi, au tupige Simu ya Mtoto namba 116, isiyo na malipo.

Ndugu zangu, tukiajiri fundi wa kuezeka nyumba, humwuliza alijenga wapi, na mwenye nyumba husimama chini akiangalia. Mtoto ni zaidi ya nyumba. Kila jumuiya na ijue ni watoto wangapi wa namna hii wamo katika eneo lake, nani anawahudumia, na nani anamwangalia mhudumu huyo. Tukutanapo tena, tuje na majibu.