Mashine ya Kuvuta Vumbi na Mshahara wa Mfagiaji

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa Migori na Homa Bay wafanyao kazi ya usafi)



Tumeombwa tueleze habari za mashine ya kuvuta vumbi, ile ya kusimama yenye mpini mrefu, itumiwayo juu ya mazulia ya kumbi za mikutano na vyumba vya wageni. Labda mtu atauliza: Chama cha wafanya kazi kina shughuli gani na mashine ya tajiri? Jibu letu ni fupi. Mashine ikisimama, wa kwanza kuulizwa ni yule aliyeshika mpini. Wako wafagiaji walioambiwa, "Umeiua mashine, utailipa," nao hawakuwa na la kujibu, kwa sababu hawakujua kilichoiua. Kumbe mara nyingi mashine haikufa hata kidogo. Ilikuwa imeshiba tu.

Basi leo twataka kila mmoja wetu aondoke hapa na mambo matatu: ajue mashine inavyofanya kazi, ajue kuichunguza inapogoma, na ajue sheria inavyosema juu ya kukatwa mshahara.

ALIYEIBUNI ALIKUWA MFAGIAJI

Kwanza tusiiogope mashine hii. Mwaka 1907, katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani, alikuwako mfagiaji wa duka kubwa, jina lake James Murray Spangler. Alikuwa na ugonjwa wa pumu, na vumbi la kazi yake lilimsumbua kifua. Akachukua mota ya feni, akaiunganisha na sanduku na mpini wa ufagio, kisha akafunga foronya ya mto iwe mfuko wa vumbi. Tarehe 2 Juni 1908 akapewa hati ya uvumbuzi wake. Baadaye haki hiyo ikauzwa kwa William Hoover, na jina la Hoover ndilo lililokwenda duniani kote. Lakini aliyeitengeneza kwanza alikuwa mtu wa kazi kama ninyi, naye aliitengeneza ili kuokoa kifua chake. Mtu wa kazi aliweza kuibuni. Sisi hatushindwi kuielewa.

HEWA NDIYO MCHUKUZI

Jambo la kuelewa ni moja, na mengine yote yatoka hapo. Mashine haivuti vumbi. Inavuta hewa, na hewa ndiyo inayobeba vumbi. Mota huzungusha feni. Feni husukuma hewa, na hewa nyingine huingia kwa nguvu kupitia mdomo wa chini. Hapo mdomoni pana rola yenye burashi, inayozungushwa na mkanda wa mpira. Kazi yake ni kulipiga zulia ili vumbi lililolala lisimame. Hewa hulichukua hilo vumbi mpaka mfukoni. Mfuko una matundu madogo sana: hewa hupita, vumbi hubaki.

Sasa fikirini. Hewa ni mchukuzi, na mfuko ni ghala. Ghala likijaa, mchukuzi hana pa kutua mzigo. Njia ikizibwa, mchukuzi hapiti. Tena katika mashine nyingi hewa hiyo hiyo ndiyo inayoipoza mota. Kwa hiyo mfuko uliojaa hauharibu usafi peke yake. Humwachia mota ajipikie katika joto lake mwenyewe. Ndiyo maana mfuko wa bei ndogo waweza kuua mota wa bei kubwa.

Hapa kwetu mashine hupewa chakula kigumu. Migori iko kwenye barabara kuu iendayo Isebania, na vumbi la magari huingia mchana kutwa. Wakati wa mvua viatu huleta tope la udongo mweusi. Homa Bay nako, wale wadudu wadogo wa ziwani hupanda kama moshi, hufuata taa za usiku, na asubuhi mwawakuta chungu nzima chini ya madirisha. Tope liacheni likauke kabisa, mlivunje na kulifagia, ndipo mvute vumbi lililobaki. Wadudu wafagieni kwa ufagio kwanza, kwa maana wakiwa wabichi hugandamana ndani ya bomba.

KAZI ZA KILA SIKU

Kabla ya kuwasha, tazameni waya wote toka plagi mpaka mashine. Ukiwa umechubuka, umekatika ngozi, au plagi imepasuka au kuungua, msiiwashe. Okoteni kwa mkono sarafu, pini, vifungo, mawe na vibao vya meno. Sarafu moja yatosha kuvunja feni ya mashine nyingine. Maji yasivutwe, wala majivu ya moto, wala vigae vya kioo, wala vumbi la simenti. Hilo la mwisho ni laini mno; huziba matundu ya mfuko kwa muda mfupi.

Mfuko ubadilishwe kabla haujajaa pomoni. Ukifika kama theluthi mbili, wakati wake umefika. Mfuko wa karatasi usikung'utwe na kurudishwa. Hata ukionekana mtupu, matundu yake yamekwisha kuzibwa, na vumbi unalolikung'uta laingia kifuani mwako. Tajiri akisema mifuko ni ghali, mwambieni kwa adabu kwamba mota ni ghali zaidi. Na kwa kuwa haipatikani katika kila duka la miji yetu, iagizwe ingali ipo, si siku iliyokwisha. Mfuko wa kitambaa ukung'utwe nje, nanyi mkae upande utokako upepo, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa kwa barakoa.

Chujio litazamwe kila juma. Lile linalooshwa lioshwe kwa maji, likauke kabisa ndipo lirudi. Lisilooshwa libadilishwe. Mashine isitumiwe kamwe bila chujio au mfuko.

Kazi ikiisha, chomoeni plagi kwa kushika plagi yenyewe, si kwa kuvuta waya kutoka mbali. Waya uzungushwe kwa mizunguko mipana bila kukazwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kama ilivyo desturi yake wakati wa radi, zimeni swichi na kuchomoa plagi. Msiiache mashine ikingoja umeme urudi kwa kishindo.

MASHINE IKIGOMA

Kabla ya kugusa chochote chini au ndani ya mashine, zima na chomoa plagi. Hili halina udhuru. Rola inayozunguka haijui kidole cha mtu.

Kwanza, mashine inanguruma lakini haivuti, tena sauti imepanda na kuwa kali. Njia ya hewa imezibwa. Tazama mfuko, kisha chujio, kisha bomba. Kama mashine ina bomba la mkono, washa, uweke kiganja kwenye ncha ya bomba. Mvuto ukiwa dhaifu, zima na chomoa plagi, vua bomba, rudisha plagi, uweke kiganja pale bomba liliposhikwa na mashine. Mvuto ukiwa na nguvu hapo, basi kizuizi kimo ndani ya bomba. Kitoe kwa mpini wa ufagio usio na ncha kali.

Pili, mashine inavuta kwa bomba lakini zulia halitakati. Chunguza rola. Nywele na nyuzi zimeizonga? Zikate kwa mkasi, ukiangalia usikate burashi. Mkanda umekatika, umelegea, au umekuwa laini wa kung'aa? Wataka mwingine. Burashi zimekwisha hata hazigusi zulia? Rola ibadilishwe. Tazama pia kimo cha mdomo: anza juu, ushushe polepole mpaka usikie burashi zinagusa zulia, hapo uache. Ukishusha zaidi, mashine itakuwa nzito kusukuma na mkanda utakwisha mapema.

Tatu, kuna harufu ya mpira unaoungua. Zima mara moja. Kwa kawaida rola imekwama, na mkanda unajisugua bila kuizungusha. Toa kilichokwama, uangalie mkanda.

Nne, mashine imezimika yenyewe ikiwa moto. Mashine nyingi za kazi zina kifaa kidogo ndani kinachokata umeme mota ipatapo joto kupita kiasi. Zima swichi, chomoa plagi, safisha njia ya hewa, uiache ipoe nusu saa au zaidi. Mara nyingi itaamka. Lakini ikizimika tena na tena, iende kwa fundi.

Tano, mashine haiwaki kabisa. Jaribu soketi kwa kitu kingine ambacho ni kizima. Kama soketi ina umeme, mwite fundi atazame fyuzi, waya na swichi.

Hapo ndipo mpaka wetu. Cheche, moshi, mtetemo wa umeme mkononi, au harufu ya waya unaoungua, hayo si ya mfagiaji. Umeme wetu ni wa volti 240, nao huua. Msifungue mota, msifunge waya kwa plasta, wala msikubali kuambiwa, "Jaribu tu."

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake jambo lolote la hatari kubwa kazini. Na hatari hiyo ikiendelea, mwajiri haruhusiwi kumrudisha mtu mahali hapo kabla haijaondolewa. Kwa hiyo anayekataa kuiwasha mashine yenye waya ulio wazi, akatoa habari kwa msimamizi, si mkaidi, ameshika sheria.

Kuhusu mshahara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa ambalo mfanya kazi alilikusudia. Neno kubwa hapo ni kukusudia. Mkanda uliochakaa haukukusudiwa na mtu. Mota iliyoungua kwa sababu mifuko haikununuliwa haikukusudiwa na mfagiaji. Tena hata makato yote yakijumlishwa, hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara.

Lakini tusidanganyane. Ajuaye kwamba mashine haivuti maji, akaivutisha maji kwa uvivu wa kutafuta tambara, atakipa chama kazi ngumu ya kumtetea. Haki yetu husimama vizuri ikisimama juu ya kazi nzuri.

DAFTARI

Neno la mwisho ni daftari. Kila mahali penye mashine pawe na daftari. Andikeni tarehe na saa, mlichokiona au kukisikia, mlichokifanya, mliyemwambia, na jibu lake. "Jumatatu, saa mbili asubuhi, mfuko umejaa, nimeomba mwingine, nimeambiwa ningoje." Maneno machache kama hayo, yakiandikwa siku ile ile na kutiwa sahihi, yana nguvu kuliko kiapo cha baadaye. Msimamizi akikataa daftari, andikeni katika lenu wenyewe na nakala mpeni mwakilishi wa chama kazini.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya mazingira ya kazi yafaayo, na haki ya kujiunga na chama. Tuzitumie haki hizo tukiwa na ushahidi mkononi. Katika mkutano ujao kila mahali pa kazi palete daftari lake. Pale ambapo mifuko imeombwa na haikununuliwa, tutakwenda pamoja kwa mwajiri, tukiwa na tarehe zetu, kabla mtu hajaambiwa alipe.