Taa ya Onyo Isizibwe: Itafutiwe Sababu

(Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Ekerenyo, Nyamira)

Leo nilikuwa niongee juu ya vitabu vya hesabu, lakini wenyeviti wawili wameniomba tuanze na gari ya kikundi. Wanasema, "Tulibadilisha balbu moja tu, na sasa kuna taa ya onyo kwenye dashibodi. Tufanye nini?" Swali hili nalijua vizuri, maana lilinipata mimi mwenyewe.

Gari ninayotumia kazini iliungua balbu ya nyuma, upande wa kushoto. Dereva akanunua nyingine dukani, akaisukuma kwa nguvu kidogo, ikaingia. Tulipowasha gari, ile taa ya onyo yenye picha ya balbu ikabaki inawaka. Tena kila akikanyaga breki, dashibodi yote iliangaza hata mchana. Fundi mmoja akaniambia, "Hiyo si kitu, mama. Nitatoa ile taa ya dashibodi isiwasumbue." Kusema kweli, nilikuwa karibu kukubali. Jua lilikuwa linatua, na tulikuwa tumebeba ndizi za akina mama za kufika soko la Kisii.

Mama mmoja mzee akaniuliza, "Mwanangu, mmezunguka nyuma mkaangalia?" Hakuna aliyekuwa amezunguka! Tukaenda. Taa za nyuma zilikuwa zinawaka kwa ukali kama za breki, hata dereva akiwa ametoa mguu. Akikanyaga breki, hakuna tofauti. Hebu fikirini: ni usiku, mvua inanyesha, kuna ukungu kwenye kona zetu hizi, na nyuma yako kuna bodaboda aliyebeba watoto. Unafunga breki, naye haoni dalili yoyote.

Kosa lilikuwa wapi? Katika gari nyingi, balbu moja ya nyuma hufanya kazi mbili. Ndani yake kuna nyaya mbili nyembamba: mmoja wa wati 5 kwa taa ya usiku, na mwingine wa wati 21 kwa breki. Sisi tuliuziwa balbu ya waya mmoja. Chini yake ina kituo kimoja kipana, na hicho kiliunganisha njia mbili za umeme ambazo hazifai kukutana. Ndiyo sababu breki iliwasha dashibodi, na taa za usiku ziliwasha breki. Angalieni vipini viwili vya pembeni: kwenye balbu ya kazi mbili, kimoja kiko juu kuliko kingine. Balbu ikikataa kuingia, usiisukume. Inakuambia si ya pale.

Si kila gari ina onyo la balbu. Zile zilizo nalo zina kifaa kidogo kinachopima umeme unaokwenda kwenye taa. Balbu ya wati 21 kwa betri ya volti 12 hula kama ampea 1.75. Ikiungua, umeme unapungua, na kifaa kinawasha onyo. Sasa vijana wetu wanapenda balbu za LED kwa sababu zinang'aa na hazili umeme mwingi. Lakini LED ya wati 3 hivi ikiwekwa, kifaa kinadhani balbu imekufa, ingawa unaiona inawaka. Indiketa nazo zinaweza kupepesa haraka haraka kwa sababu hiyo hiyo. Dawa rahisi ni kurudisha balbu ya kawaida yenye wati zinazotakiwa.

Basi, onyo likibaki baada ya kubadilisha balbu, fuateni hatua hizi:

1. Zimeni gari, toeni ufunguo, kisha washeni tena na mkanyage breki. Gari zingine hazifuti onyo mpaka zizimwe kwanza.

2. Mtu mmoja akae ndani, mwingine asimame nyuma. Jaribuni taa za usiku, breki na indiketa, moja moja.

3. Linganisheni balbu mpya na ile ya zamani: wati, vipini, na vituo vya chini. Kwa hiyo msitupe balbu ya zamani. Nendeni nayo dukani.

4. Taa zikiwa zimezimwa, angalieni kishikizo cha balbu. Kama kuna kutu au maji, kausheni na msugue kwa msasa laini. Angalieni pia waya unaofungwa kwenye bodi ya gari. Ukilegea, taa huwaka kwa unyonge.

5. Angalieni fyuzi. Ikiwa imekatika, wekeni ya ampea zile zile. Msifunge kwa waya wala karatasi ya sigara. Hivyo ndivyo gari huungua.

Lakini tazameni taa iliyowaka ni ipi. Kama ni nyekundu ya breki, angalieni kama breki ya mkono imeinuliwa, halafu maji ya breki. Ikiwa nyekundu ni ya oili au ya joto la injini, simameni mahali salama na mzime injini. Hayo si mambo ya balbu.

Jambo la mwisho. Siku ile wengine walitaka dereva afukuzwe. Kumbe hakuna aliyempa namba ya balbu, na hakuna daftari la gari. Tulipoweka balbu inayofaa, onyo lilizima lenyewe. Sasa tunaandika: tarehe, kilichobadilishwa, aina yake, nani alinunua, na nani alisimama nyuma kuhakikisha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa hauzibwi kwa kufunika macho.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Nani kati yetu anajua balbu za gari yetu ni za aina gani?

2. Mara ya mwisho tulisimama nyuma ya gari kuangalia taa ilikuwa lini?

3. Mwanachama akituonya juu ya kasoro, tunatafuta sababu au tunamnyamazisha?